Kasi Inayomaliza Mega

Kwa miaka mingi bei ya shaba na kobalti pale Musompo, soko la madini la mkoa wa Lualaba, Kongo, lililo kando ya barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi, imekuwa ikiandikwa kwenye ubao mbele ya kila depo. Upande mmoja asilimia ya madini ndani ya mawe, upande wa pili pesa kwa kilo. Mchimbaji anashusha gunia kwenye pikipiki, mawe yanapimwa kwa mashine ya Metorex, halafu macho yote yanageukia ubao. Namba zile hubadilika mwenye depo anapopata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mnunuzi aliye juu yake, ambaye naye ameangalia soko la metali la London. Biashara ya siku nzima inategemea ujumbe huo, na ujumbe wenyewe hauzidi kilobaiti chache. Hata kwenye 2G utafika, umechelewa sekunde kadhaa tu.

Mwenye depo huyo huyo akiingia mjini anaitwa na matangazo ya kampuni za simu: ongeza pesa kidogo, upate kifurushi cha kasi zaidi. Je, alipe?

Jibu langu ni kwamba watu wengi wa Kolwezi wanaolipia kasi wanalipia kitu ambacho hakiwapungukii, na mara nyingi kasi yenyewe inawatia hasara. Wanachokosa ni mtandao usiokatika, uwezo wa kutuma na siyo kupokea tu, na muda wa kutosha wa kutumia walichonunua. Wapo wanaopaswa kulipa bila kusita, nitafika kwao. Kwanza tufanye hesabu, kwa sababu matangazo hayaifanyi.

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Kifurushi hupimwa kwa megabaiti, ambazo sote tunaziita mega. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo simu inayopokea megabiti 1 kila sekunde, bila kusimama, kwa saa nzima, itakula mega 450. Giga 1 itadumu saa 2 na dakika 13 hivi. Ipandishe kasi hiyo hadi megabiti 10 kwa sekunde, jambo ambalo 4G nzuri inaliweza bila taabu, na giga ile ile itakwisha ndani ya dakika 13. Bei ya kifurushi ni ile ile na mega ni zile zile.

Mtu atanijibu kwamba hakuna anayetumia kasi yote muda wote. Ni kweli kwa binadamu. Programu za simu ndizo zinazoitumia. YouTube hupima njia iliyo mbele yake, na ikiikuta pana hupandisha ubora wa picha yenyewe bila kumwuliza mwenye simu. Video ya ubora wa kati hula takriban mega 450 kwa saa. Ya ubora wa juu hufika giga 2 na kupita, wakati kwenye kioo cha simu ya kawaida jicho halioni tofauti kubwa. TikTok hupakua video zinazofuata kabla hujazifikia, pamoja na zile ambazo hutazitazama kamwe. Makundi ya WhatsApp hushusha picha na video za harusi, za misiba na za wahubiri, zote, kama hukuzima upakuaji wa moja kwa moja. Kwenye 3G ya taratibu mambo haya yalijizuia yenyewe kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Tangu 2018, kampuni kubwa za simu nchini zilipopata leseni za 4G, kizuizi hicho kimeondoka na hakuna aliyemwambia mteja aweke cha kwake.

Kwa vijana wanaouza yuniti chini ya miavuli mjini, malalamiko karibu yote yanafanana.

“Yaya, niliweka giga 1 asubuhi, sasa inaandika imeisha.”

“Nani alishika simu?”

“Mdogo wangu. Alikuwa anaangalia video tu.”

Muuzaji mwenye busara haendi mbali. Anaingia kwenye mipangilio ya simu, anafungua orodha ya matumizi ya data, na pale pale inaonekana programu iliyokula na kiasi ilichokula. Kisha anaishusha YouTube kwenye ubora wa chini, anazima upakuaji wa WhatsApp, na anaifungia Play Store isisasishe programu mpaka kuwe na Wi-Fi. Dakika chache za kazi hiyo zina faida kuliko kifurushi chochote cha kasi kinachotangazwa mjini. Laiti kampuni zingeilipia kazi hiyo, maana wateja wengi wanaamini wameibiwa, na shirika lisiloaminika hupoteza zaidi ya hela ya giga moja.

Tuje kwenye kasi yenyewe. Hivi unayoilipia unaipata?

Mnara wa simu kwa kawaida hugawanya eneo lake pande tatu. Kila upande una masafa yake, na wote waliomo upande huo wanagawana. Ukiwa na masafa ya megahezi 10 ya 4G na antena mbili, uwezo wa juu kabisa, kwenye karatasi, ni megabiti 75 kwa sekunde. Hiyo ni ya upande mzima wa mnara, siyo yako. Sasa fikiria Manika au Dilala saa mbili za usiku: watu wametoka migodini na sokoni, wamekula, wameshika simu. Wakiwa 60 wanaotazama video kwa wakati mmoja upande huo mmoja, hesabu ya karatasi inampa kila mtu megabiti 1 na robo. Hali halisi iko chini ya hapo, kwa sababu aliye mbali na mnara, au aliye nyuma ya kuta nene, hutumia nafasi kubwa zaidi ya masafa kupata kiasi kile kile. Aliyenunua kifurushi cha bei ghali na aliyenunua cha bei nafuu wanasimama kwenye mstari mmoja, isipokuwa masharti ya kampuni yawe yameandika wazi kwamba mteja wa kifurushi hicho hutangulizwa. Yasome masharti hayo. Kama neno hilo halimo, unalipia kasi ya saa tisa ya usiku.

Mnara nao unataka umeme, na hapa Kolwezi ina jambo linalouma. Mji huu umezungukwa na umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto Lualaba, na laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilijengwa hadi hapa na kufunguliwa mwaka 1982 ili kulisha migodi ya Katanga. Lakini migodi ya shaba na kobalti, kuanzia ile ya Kamoto hadi Kamoa-Kakula iliyo magharibi mwa mji, inahitaji umeme kuliko uliopo, hata baadhi huununua kutoka nje ya nchi na kuwasha majenereta yake. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia na maji ya bwawa la Kariba yakashuka, upande wa kusini nao ulikauka. Minara ya simu inaishi ndani ya uhaba huo huo. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika mnara unaingia kwenye betri, betri zikichoka unaingia kwenye jenereta, na dizeli ya jenereta imekuja kwa lori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, ikapita foleni za mpaka wa Kasumbalesa, ikapanda barabara hadi huku. Mteja hulipa safari hiyo kila anaponunua mega. Jenereta likikosa dizeli, kifurushi chako cha kasi kinakaa kwenye simu kikihesabu saa zake za kufa.

Saa hizo za kufa ndizo zinazonikera kuliko bei. Anayelipwa kwa siku hununua mega kwa siku, na kifurushi cha siku ndicho chenye mega ghali kuliko vyote ukikipiga hesabu mega kwa mega. Mwenye mshahara wa mwezi hununua kwa mwezi na kulipa nusu au robo ya bei hiyo kwa kila mega. Mchimbaji mdogo wa Kasulo au Kapata anamzidi mhandisi wa mgodi kwa bei ya kila ujumbe anaotuma. Na mnara ukizimika saa 6 kati ya saa 24 za kifurushi chake, robo ya alichonunua imepotea bila yeye kukitumia, na harudishiwi. Mamlaka ya usimamizi wa mawasiliano, ARPTC, ingeweza kuamuru jambo moja dogo: mega zisizotumika zihamie kifurushi kinachofuata mteja akinunua tena kabla ya muda fulani. Hiyo ingewafaa watu wa Kolwezi kuliko leseni yoyote ya kizazi kipya.

Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia 2025 intaneti ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Kipimo cha msingi kwenye simu kilikuwa giga 2. Pato la wastani la Mkongomani ni kama dola 600 na kidogo kwa mwaka, yaani takriban dola 50 kwa mwezi, kwa hiyo lengo lilitudai giga 2 za mwezi mzima kwa dola 1. Kila anayenunua mega Kolwezi anajua umbali uliopo kati ya dola hiyo na anacholipa. Sehemu ya umbali huo ni dizeli niliyoisema. Sehemu nyingine ni kodi: TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 na ushuru wa bidhaa juu ya huduma za simu. Na bado tunakumbuka RAM, ile tozo ya kuandikisha simu iliyoanza 2020, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, ikikatwa kwenye yuniti za mtu bila kumwuliza. Wananchi waliipinga mitaani na bungeni hadi ikaondolewa mwaka 2022. Angalia iliwalenga nani: mwenye simu ya 2G alitozwa dola 1, mwenye simu ya intaneti mara saba. Serikali inayosema inataka vijana waingie kwenye uchumi wa kidijitali ilitoza mlangoni.

Sasa niwataje wanaopaswa kulipia kasi, na walipe.

Wa kwanza ni yule anayetuma. Sheria ya 2017 juu ya ukandarasi mdogo iliweka kazi hizo mikononi mwa kampuni za wenye mtaji wa Kikongomani, na tangu hapo Kolwezi imejaa ofisi ndogo zinazowania zabuni za migodi: usafirishaji, chakula cha wafanyakazi, ulinzi, vipuri, ujenzi. Zabuni inatumwa kwa njia ya mtandao, na mlango unafungwa saa iliyotajwa. Chukua faili la mega 40: nakala za hati za kampuni, vyeti vya kodi, picha za magari, michoro. Kwenye njia inayotuma megabiti 0.3 kwa sekunde, faili hilo litachukua karibu dakika 18, likibahatika kutokatika njiani. Likikatika likiwa limebaki kidogo, mara nyingi linaanza upya. Kwenye njia inayotuma megabiti 5, ni sekunde 64. Mtu aliyekosa zabuni kwa sababu faili liliganda saa tano na dakika hamsini na tano hahitaji kushawishiwa na bango. Mawakala wa forodha wanaotuma hati za malori kabla hayajafika Kasumbalesa wako kwenye kundi hili, na hata mpiga video wa harusi anayemtumia mteja kazi yake.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kasi inayotangazwa karibu kila mara ni ya kupokea. Ya kutuma iko chini sana, na inategemea simu na umbali wa mnara zaidi ya inavyotegemea kifurushi, kwa sababu simu ndiyo inayopaswa kupaza sauti hadi mnarani na betri yake ni ndogo. Kabla ya kulipa, pima kutuma, ofisini kwako, saa ile ile unayofanyia kazi. Pima kwa laini ya kila kampuni, maana katika mji huu mtandao ulio bora mtaa wa Mutoshi waweza kuwa dhaifu Luilu. Siku moja ya kupima kwa laini za kuazima itakuonyesha zaidi ya tangazo lolote. Na kama uamuzi ni kati ya kifurushi cha kasi kwenye simu ya zamani na ruta ndogo ya 4G iliyowekwa dirishani upande wa mnara, weka pesa kwenye ruta.

Wa pili ni wale walio tayari kugawana. Ofisi ya watu watano, au wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi wanaokaa nyumba moja, wakinunua kifurushi kimoja kikubwa cha mwezi wanapata mega kwa bei ambayo hakuna hata mmoja wao angeipata peke yake, na kasi inapata kazi ya kufanya kwa sababu watu kadhaa wanaitumia pamoja. Likelemba, vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu, tunazijua sote. Zimenunua vyerehani na kulipa karo. Likelemba ya mega inahitaji ruta moja na mtu mmoja mwaminifu wa kushika neno la siri.

Wengine, na ndio wengi, wanahitaji kidogo kuliko wanavyoambiwa. Kumpigia ndugu aliye Kinshasa au Johannesburg kwa sauti ya WhatsApp hula mega 30 au 40 kwa saa. Kumwona uso hula zaidi, lakini megabiti 1 iliyotulia inatosha kabisa, na picha inayoganda mara nyingi huganda kwa sababu njia inayumba, siyo kwa sababu ni nyembamba. Kuna pia kero ambayo watu hawajui chanzo chake: uko kwenye 4G, mtu anakupigia simu ya kawaida, na intaneti inakufa mpaka umalize kuongea. Hiyo hutokea pale ambapo simu yako au kampuni yako haipitishi sauti juu ya 4G, hivyo simu hushuka 3G au 2G ili ipokee. Kifurushi cha kasi hakiitibu kero hiyo.

Njia inayopitisha data kutoka mjini nayo ina matatizo yake. Data ya Kolwezi hutoka kwa nyaya za kioo zinazoshuka kusini kupitia Kasumbalesa na Zambia, au zinazokwenda magharibi hadi Kinshasa na Muanda, ambako kebo ya chini ya bahari ya WACS ilizinduliwa mwaka 2013. Kebo hiyo inapita karibu na korongo la chini ya bahari ambalo mto Kongo umelichimba, na tope likiporomoka humo hukata kila kitu: ilitokea Januari 2020 na tena Agosti 2023, WACS na kebo nyingine, SAT-3, zote mbili. Katika siku kama hizo kampuni yenye njia mbili inaendelea kufanya kazi, na yenye njia moja inaomba radhi. Ofisi inayolipa pesa nyingi kwa mwezi ina haki ya kuuliza ni njia ngapi. Na kuna kukatika kusikotokana na tope: tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Vifurushi vya mwezi vilivyokuwa kwenye simu za watu vilikufa humo.

Starlink, intaneti ya satelaiti, imeingia kwenye mazungumzo haya kwa kelele nyingi. Machi 2024 ARPTC iliipiga marufuku, Mei 2025 ikaipa leseni. Haipiti kwenye mnara wa mtaa wala haigombanii masafa na majirani wako wanaotazama mpira, na inatuma vizuri kuliko simu nyingi. Lakini inataka umeme wako mwenyewe, anga wazi, na malipo ya kila mwezi yaliyopangwa kwa dola. Kwa familia moja ni mzigo. Kwa shule, zahanati au ofisi ya watu kumi iliyo na sola, naiona kuwa ununuzi wa busara kuliko laini kumi za simu.

Hadi hapa nimezungumza na watu wa mji. Lualaba ina wilaya za Dilolo, Sandoa, Kapanga, Mutshatsha na Lubudi, na huko ukitoka kwenye miji midogo swali ni kama mnara upo. Mwaka 2025 Vodacom na Orange zilitangaza kwamba zitajenga pamoja minara ya sola vijijini nchini Kongo, 1,000 kwa kuanzia na hadi 2,000 katika miaka sita, yenye 2G na 4G. Sola inaondoa dizeli, na mnara mmoja unaobeba kampuni mbili unapunguza gharama. Mpango huo unastahili kuungwa mkono na gavana na kila mbunge wa mkoa, kwa sharti kwamba Lualaba ihesabiwe wazi: minara mingapi, wapi, lini. Na wakati huo huo reli ya zamani kutoka Kolwezi hadi Dilolo, inayoungana na ile ya Lobito nchini Angola, inazungumzwa upya kwa ajili ya kusafirisha shaba. Siku mafundi watakapoanza kuifungua ardhi kando ya reli ile, kilomita zaidi ya 400, ndiyo siku ya kulaza mabomba ya nyaya za kioo kwenye mtaro huo huo, kwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kuchimba tena baadaye. Sharti hilo linaandikwa kwenye mkataba kabla haujatiwa saini, na muda wa kulidai ni sasa.